Ukweli, maoni au kinga: mwandishi wa Mwanza aegemee utetezi upi akidaiwa kashfa

Barua ya wakili haibadiliki sana. Inanukuu aya mbili tatu za habari yako, inasema mteja amechafuliwa jina, inataka uombe radhi hadharani na ulipe mamilioni ndani ya siku chache, la sivyo mkutane mahakamani. Tarakimu isikutoe jasho. Mdai yuko huru kuandika kiasi anachotaka, lakini fidia ya jumla hukadiriwa na hakimu au jaji, na mara nyingi anachopata aliyeshinda hakikaribii alichoomba. Cha kuangalia usiku huohuo ni kitu kingine kabisa: habari ile ilisimama juu ya nini? Kama ulipoiandika hukujua, wakili wako naye atatafuta jibu gizani.

Kwa mwandishi wa Kanda ya Ziwa njia ni nne. Unaweza kusema ulichoandika ni kweli. Unaweza kusema yalikuwa maoni yako juu ya jambo la umma. Unaweza kusema uliripoti tukio ambalo sheria imelipatia kinga dhidi ya madai ya kashfa. Au unaweza kukiri kosa mapema na kurekebisha, jambo ambalo si utetezi kamili lakini hupunguza maumivu.

| Njia | Unachopaswa kuthibitisha | Kinachoivunja |
|---|---|---|
| Ukweli | Kiini cha tuhuma ni kweli, na umma ulinufaika kujua | Shahidi kukana, hati isiyopokelewa mahakamani |
| Maoni ya haki | Ni maoni, yamejengwa juu ya mambo ya kweli, yanahusu jambo la umma | Nia ovu, au "maoni" ambayo kumbe ni tuhuma |
| Kinga | Uliripoti kwa usahihi na bila upendeleo kilichosemwa mahali penye kinga | Kuongeza ya kwako, kunukuu upande mmoja, nia ovu |
| Marekebisho na radhi | Ulichukua hatua haraka na kwa uzito uleule | Kuchelewa, kuficha radhi ukurasa wa 14 |

Tuchukue habari moja tuijenge kwa namna tatu. Kanuni za uvuvi zinakataza sangara wa chini ya sentimita 50. Umepata fununu kwamba kiwanda kimoja cha minofu kinapokea samaki wachanga usiku.

Ukiandika "Kiwanda hiki kinanunua sangara wachanga", umechagua njia ya ukweli, upende usipende. Umesema jambo kama lililotokea, na mzigo wa kulithibitisha ni wako. Mdai ana kazi tatu tu: kuonyesha kwamba maneno yanashusha hadhi, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba mtu mwingine aliyasoma au kuyasikia. Hapaswi kuthibitisha kwamba ni uongo.

Ukiandika "Hati ya mashtaka iliyosomwa jana mbele ya hakimu inadai kiwanda hiki kilikutwa na shehena ya sangara wa chini ya sentimita 50, mshtakiwa amekana", umeingia kwenye kinga. Huthibitishi habari za samaki hata kidogo. Unachothibitisha ni kwamba hati ilisomwa, ikasema hivyo, na mshtakiwa akajibu hivyo.

Ukiandika "Ukaguzi wa usiku katika mialo yetu umelegea mno, na mamlaka husika hazijaonyesha kujali", hayo ni maoni. Yatasimama iwapo ndani ya habari ileile umeweka mambo ya kweli yanayoyabeba: tarehe, mwalo (ufuko wanaposhushia samaki), idadi ya maofisa waliokuwa zamu.

Kwa chumba cha habari chenye waandishi watatu na wakili wa kuazima, msimamo wetu ni huu: jengeni kwanza juu ya kinga, ukweli uwe nyongeza, na maoni myaachie safu ya maoni. Utetezi wa ukweli una nguvu kuliko yote ukikamilika, ila gharama yake inaweza kulifunga gazeti dogo kabla hukumu haijasomwa.

Ukweli una masharti mawili, na la pili husahauliwa

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaitambua kashfa kuwa halali pale jambo lilipo kweli na kuchapishwa kwake kulikuwa kwa manufaa ya umma. Ndoa ya diwani kuvunjika inaweza kuwa kweli tupu, lakini manufaa ya umma utayaeleza vipi? Fedha za mradi wa maji kuingia akaunti ya shemeji yake ni habari nyingine.

Huhitaji kuthibitisha kila herufi. Kinachotakiwa ni kiini cha tuhuma. Ukisema shehena ilikuwa tani tatu na ikathibitika kwamba zilikuwa mbili na nusu, hujaanguka. Ukisema ilikuwa ya kiwanda na ikathibitika kwamba ilikuwa ya dalali aliyekodi gari la kiwanda, umeanguka, hata kama samaki, gari na usiku vyote ni vya kweli.

Njia hii hukwama kwenye ushahidi. Chanzo chako wa mwaloni Kirumba aliyekusimulia yote akiwa amesimama pembeni ya kreti za barafu hatakuja mahakamani miaka miwili baadaye. Ana familia, na mwenye kiwanda ndiye anayenunua samaki wake. Kwa hiyo jiulize kabla ya kuchapisha: nani atapanda kizimbani kuyasema haya? Kama jibu ni "hakuna", basi huna utetezi wa ukweli, una imani tu.

Kwa habari ya samaki, ushahidi unaofaa unaonekana hivi. Picha ya samaki akiwa amelazwa kwenye ubao wa kupimia, sentimita zikisomeka, si picha ya rundo. Faili halisi la picha au sauti libaki kwenye simu au kadi iliyorekodi, maana WhatsApp hulibana faili na kuliondolea taarifa zake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime namna data ilivyoundwa, kutunzwa na kuhakikishwa kwamba haijachezewa. Daftari lenye tarehe, saa na jina la aliyeongea, lililoandikwa palepale na si kesho yake. Stakabadhi au hati ya kusafirisha mzigo. Na rekodi ya jitihada zako za kumpata mtuhumiwa: saa ulizopiga, ujumbe ulioutuma wenye maswali yenyewe, na muda uliompa kujibu. Kumpigia saa kumi na moja jioni wakati gazeti linakwenda mtamboni saa kumi na mbili si kumpa nafasi, na wakili wa upande wa pili atalishikilia hilo kwa mikono miwili.

Kuna mtego mwingine unaonasa hata wazoefu: neno "inadaiwa". Watu huliweka kama dawa ya mbu. Halizuii kitu. Anayerudia kashfa ya mwenzake anawajibika kama aliyeianzisha, hivyo kusema "wananchi wanadai mganga mkuu anauza dawa za serikali" kutakutaka uthibitishe kwamba mganga mkuu anauza dawa, wala si kwamba wananchi wanadai.

Kinga ina ngazi

Ngazi ya juu ni kinga kamili. Humo mna yanayosemwa bungeni, nyaraka rasmi za Serikali na za Bunge, na maneno ya jaji, hakimu, wakili, shahidi au mhusika wa kesi akiwa katika shughuli ya mahakama. Hapo hata uongo na nia ovu haviulizwi. Lakini kinga hiyo ni ya msemaji na ya hati. Wewe unayeripoti kesi una kinga ya masharti: uwe mkweli kwa kilichosemwa, uwe wa haki kwa pande zote, uwe na nia njema, na mahakama iwe haijakataza kuchapisha.

Kuwa wa haki hapa kuna maana ya vitendo. Ukiripoti ushahidi wa upande wa mashtaka Jumatatu, uwepo Jumatano shahidi anapohojiwa na wakili wa utetezi. Ukiripoti mtu kushtakiwa, ripoti pia kuachiwa kwake. Habari za kesi za mikoani hushindwa hapo: mashtaka yanapewa nusu ukurasa, kuachiwa huru kunapata mistari minne au hakuna kabisa, kisha mdai anaitumia tofauti hiyo kama ushahidi wa nia ovu.

Kinga pia haifuniki korido. Anachokwambia wakili mkiwa nje kwenye ngazi za mahakama hakina kinga ya shughuli ya mahakama, na wala anachonong'ona karani. Hati ya madai iliyowasilishwa lakini haijafika mbele ya jaji ni eneo la hatari. Subiri itajwe mahakamani. Chukua nakala iliyothibitishwa ya hati ya mashtaka na ya uamuzi, lipa ada yake, tunza stakabadhi. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwa hiyo hakuna sababu ya kunukuu hukumu kwa kumbukumbu.

Sasa linakuja suala la baraza la madiwani, ambalo kwa Mwanza ndilo chanzo kikubwa cha habari. Wengi huamini diwani akisema ndani ya kikao ni sawa na mbunge kusema bungeni. Sivyo. Kinga ya wabunge imewekwa na Ibara ya 100 ya Katiba, na diwani hayumo. Ripoti yako ya kikao cha halmashauri itategemea kinga ya masharti: kwamba ulikuwa na wajibu wa kuwaarifu wakazi nao walikuwa na haki ya kujua. Hiyo hutosha ukiwa umeripoti kilichosemwa na kumpa aliyetajwa nafasi. Haitoshi ukiwa umechukua kauli ya diwani mmoja mwenye hasira na kuigeuza kichwa cha habari bila alama za kunukuu. Mkutano wa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na waandishi uchukulie vivyo hivyo: aliyekamatwa ni mtuhumiwa, hajawa mwizi, na kama hajafikishwa mahakamani jina na sura yake vinaweza kusubiri.

Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni hazina ambayo vyumba vya habari vya mikoani havijaitumia vya kutosha. Ikishawasilishwa bungeni ni hati ya umma. Nukuu ukurasa na aya, tumia maneno ya mkaguzi mwenyewe. Akisema "malipo yasiyo na nyaraka toshelezi", usiandike "wizi". Malipo yasiyo na nyaraka yanaweza kuwa uzembe wa mhasibu aliyepoteza faili. Wizi ni kosa la jinai, na hapo umetoka nje ya hati na kinga umeiacha mlangoni.

Maoni

Hii ndiyo njia inayotumiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu kila mtu hudhani akianza na "kwa maoni yangu" amepona. "Kwa maoni yangu mkurugenzi ni mla rushwa" ni tuhuma ya jinai iliyovalishwa kanzu. Maoni ni hukumu ambayo msomaji, baada ya kuona mambo yaleyale uliyoyaona, anaweza kuikubali au kuikataa. Kwa hiyo mambo yenyewe lazima yawepo na yawe ya kweli. Zaidi ya hapo, ujumbe wako wa simu kwa mhariri ukisema "huyu leo tunammaliza" utaibomoa safu nzuri kuliko zote, kwa kuwa nia ovu huvunja maoni ya haki na kinga ya masharti kwa pigo moja.

Kwa upande wa maslahi ya umma, wasomaji wa sheria za Uingereza hupenda kutaja utetezi uliowekwa na sheria yao ya kashfa ya 2013. Huku hauingii moja kwa moja. Tulichorithi kwao ni sheria zilizokuwapo hadi 22 Julai 1920. Maamuzi ya baadaye ya mahakama zao ni ya kushawishi tu. Wakili anaweza kuyataja, lakini usijenge habari juu yake.

Kuomba radhi bila kujinyonga

Ukichunguza ukakuta umekosea, rekebisha toleo linalofuata. Marekebisho yakae mahali palepale, yasirudie kashfa, yaseme kilicho sahihi. "Katika toleo la Jumanne tulimtaja Bwana Fulani kuwa mmiliki wa gari. Gari si lake. Tunamwomba radhi." Yanatosha. Barua ya majadiliano na wakili wa mdai iandikwe "bila kuathiri haki", ili isije kusomwa mahakamani kama kukiri. Na usichapishe radhi ambayo wakili wa mdai ameitunga bila kuisoma neno kwa neno. Mara nyingi ndani yake mna sentensi inayokiri nia mbaya.

Kama habari ni sahihi, usiombe radhi kwa ajili ya amani. Mpe haki ya kujibu, ichapishe, simama hapo.

Baraza au mahakama?

Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1995, hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari na kuyasuluhisha kwa misingi ya maadili. Linafaa pale mlalamikaji anataka jina lake lisafishwe kuliko fedha. Ni la hiari. Haliwezi kumzuia mtu mwenye nia ya kudai fidia. Mkisuluhishana huko, hakikisheni maandishi yanasema shauri limeisha na hakuna madai mengine.

Mahakamani saa ni nyingine. Ukishapokea hati ya wito na madai una siku 21 za kuwasilisha majibu ya maandishi. Ukichelewa, unaweza kuomba nyongeza kabla siku hizo hazijaisha au ndani ya siku 7 baada yake, na ukiwa na sababu ya msingi hupewa siku 10. Zikipita, mdai anaweza kuendelea kana kwamba hupo, na madai mengi ya kashfa hushinda hivyo, bila ushahidi wako kusikilizwa. Andika tarehe uliyopokea kwenye nakala ya hati mbele ya aliyekuletea. Baada ya majibu, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama, usiozidi siku 30. Hapo ndipo mashauri mengi ya magazeti madogo yanapaswa kumalizikia, ukiwa na ushahidi wako mezani.

Dai la kashfa nchini linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Daftari, kadi za kumbukumbu na barua pepe vitunzwe muda huo, hata kama mwandishi amehama.

Gazeti au mtandao

Jinai ndiyo inayotofautisha hapa. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya 35 hadi 40 vinavyohusu kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Juni 2023 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoiondoa kashfa kwenye jinai ya sheria hiyo. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iko palepale. Kifungu chake cha 16 kinamgusa anayechapisha kwa kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Habari ileile iliyo ya madai tu gazetini inaweza kuwa ya polisi ikiwa kwenye YouTube.

Kwa televisheni za mtandaoni, kasoro kubwa iko kwenye kichwa na picha ya jalada. Mahojiano ya dakika kumi yanaweza kuwa ya haki kabisa, halafu kichwa kikasema "MWIZI WA MABONDO ANASWA" (mabondo ni vibofu vya sangara). Watazamaji wengi huishia kwenye kichwa hicho. Anayeandika vichwa asiwe mtu ambaye hajaitazama video.

Ng'ambo ya ziwa

Habari za ziwa hazijui mpaka, na chombo cha Mwanza kinachosomwa Kisumu kinaweza kushtakiwa Kisumu. Kenya muda wa kufungua dai ni miezi 12 tu, na kashfa kama jinai ilifutwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Nafuu hiyo ina bei: sheria yao ya kashfa inaweka kiwango cha chini cha fidia, shilingi milioni 1 za Kenya kama tuhuma ni ya kosa la adhabu ya kifo, na 400,000 kama ni kosa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Usimwite mfanyabiashara wa Homa Bay mwizi wa nyavu kwa kudhani uko mbali. Uganda ilichukua njia kali zaidi: Mahakama ya Katiba iliiacha kashfa ya jinai isimame mwaka 2009.

Suala la mwisho ni nani analipa. Mdai huwashtaki wote pamoja: mwandishi, mhariri, mchapishaji, mmiliki. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari, asiye na mkataba, hujikuta peke yake wakili wa kampuni anapoitetea kampuni tu. Kabla ya kutuma habari nzito ya uchunguzi, omba barua ya mhariri yenye mambo mawili: kwamba chombo kimepitia ushahidi na kukubali kuchapisha, na kwamba kitagharamia utetezi wako na fidia ikiwa uliandika kwa nia njema. Akikataa kuandika, mpe habari ya kesi iliyosomwa mahakamani, hiyo ya uchunguzi baki nayo.